Kopo Lililofuka Moshi

Jumamosi asubuhi, katika gereji moja ya San Clemente, California, fundi wa wikendi alikuwa na ubao wa kuteleza mawimbini wa futi 6, kitambaa cha faibaglasi kilichokwisha kutandikwa, na imani kubwa katika jicho lake. Alikoroga rezini ya epoksi kama mtu anayesonga ugali wa wageni: afadhali ibaki kuliko aibu.

Ikabaki.

Epoksi ikikutana na kigumishi hutoa joto. Ikitandazwa juu ya ubao, joto hilo hupotea hewani; ikilundikana kwenye kopo, halina pa kutokea, na joto huchochea joto. Fundi wetu alikuwa bado anasawazisha ncha ya mbele aliposikia harufu. Kopo la plastiki lilikuwa linalegea kama mshumaa, linafuka moshi, na kijiti cha kukorogea kimesimama wima katikati bila kushikwa na mtu. Alilishika, akaliachia haraka, akalisukuma nje kwa sepetu. Mbwa wa jirani alihama kivuli.

Alipougeuza ubao kufanya upande wa juu, alikoroga kidogo, kwa adabu. Rezini ikamwishia huku theluthi nzima ya kitambaa ikimkodolea macho, kavu na nyeupe. Akachanganya nyingine mbiombio, na ili ikauke upesi akazidisha kigumishi. Ugali ukiwa laini huongezwa unga. Epoksi ya vipimo viwili vya rezini kwa kimoja cha kigumishi haijui mambo hayo. Kigumishi kilichozidi hukosa cha kuungana nacho, na ubao hubaki unanata. Siku ya tatu ulikuwa umekamata nzi wawili na unyoya.

Alikwangua, akaanza upya.

Kumbe hesabu yenyewe ni ya dukani tu. Kitambaa cha aunsi 4 kina gramu 136 hivi kwa mita ya mraba, na upande mmoja wa ubao kama huo, pamoja na kingo, hula kama mita za mraba 1.3: gramu 177. Wazoefu hukiweka kitambaa kwenye mizani, huchukua rezini ya uzito uo huo, kisha huongeza ya kunywewa na povu la ubao, ya kugandia kopo na ya kudondokea viatu. (Viatu hunywa kuliko povu.)

Safari hii alipima, zikabaki gramu chache tu. Kwa kuwa bahili hatupi, alizunguka nyumba akitafuta kilichovunjika, akapata kikombe cha mkewe kilichokatika mkono. Mkono ulishika barabara. Kikombe nacho kikashika, kwenye meza.