Mbuzi Kwenye Begi la Mkononi

Mke wangu ni mtu wa Tanga, na safari yoyote huianza kwa vitu viwili: kanga na dua. Mimi huianza kwa orodha. Usiku wa kuamkia safari yetu ya Mwanza nilikuwa nimekaa sebuleni na orodha ya mistari 41, namimina uji wa lishe kwenye vichupa. Nilisoma mtandaoni kwamba mwaka 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji ambavyo vingepitishwa kwenye chupa za vinywaji, na baada ya hapo viwanja vingi vya ndege vikaanza kumzuia msafiri wa kimataifa kupita na chupa ya majimaji ya zaidi ya mililita 100. Sisi tulikuwa tunakwenda Mwanza tu, lakini mwenye orodha hapungukiwi tahadhari. Vichupa nilivyovipata vilikuwa tisa, vyote vya dawa ya kikohozi. Mke wangu alichungulia, akauliza kama watoto wanakwenda kwa bibi yao au wanalazwa, kisha akaenda kulala.

Watoto wenyewe ni watatu. Wa kwanza ana miaka minne. Tangu wadogo zake wazaliwe hataki kuitwa jina lake, anataka Dada Mkubwa, nasi tumetii. Wadogo zake ni pacha wa miezi tisa, wa kiume, na kwa desturi ya kwetu Usukumani majina hayakuhitaji kikao: aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto. Wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Ndiyo maana Kulwa tulimfunga uzi mweusi mkononi, na kwenye orodha yangu uzi huo ulikuwa mstari wa tatu.

Kwa basi, kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu. Nilipiga hesabu nikaona hakuna mtoto atakayewahi kutuaibisha kwa muda mfupi kiasi hicho. Hesabu hiyo haikujumlisha uwanja wa ndege.

Tulipofika kaunta, dada aliyekuwa zamu aliomba vyeti vya kuzaliwa. Mtoto wa chini ya miaka miwili hanunuliwi kiti. Hupakatwa, naye hulipa sehemu ndogo tu ya nauli, kwa hiyo lazima umri wake uthibitishwe. Akashika vyeti viwili, akatazama nyuso mbili. "Kulwa ni yupi?"

Nikatafuta uzi. Mkono huu, hakuna. Mkono ule, hakuna. "Huyu," nikasema kwa sauti ya baba mwenye nyumba.

"Huyo Doto," akasema mke wangu, akiwa ametupa kisogo anamfunga Dada Mkubwa kamba za viatu. Uzi tuliukuta baadaye mdomoni mwa Doto, ambaye nadhani alichoka kuwa wa pili.

Dada wa kaunta akatupa na habari nyingine: hatuwezi kukaa pamoja. Juu ya kila safu ya viti vilivyoshikana huwa kuna barakoa za oksijeni sawa na idadi ya viti na moja tu ya ziada, kwa ajili ya mtoto wa kupakatwa. Watoto wawili wa kupakatwa hawawekwi upande mmoja wa safu moja. Basi mama atakaa mbele na Kulwa na Dada Mkubwa, baba atakaa nyuma na Doto. Nikafuta mistari sita ya orodha kwa mpigo.

Kwenye ukaguzi nilijiandaa kwa swali la uji. Nilivipanga vile vichupa tisa kwenye trei kama askari wa gwaride. Mkaguzi akakitazama cha kwanza, akakitazama cha tisa, akauliza nani anaumwa kifua. Nikamweleza habari za mililita. Akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, chakula cha mtoto hakibanwi na vipimo hivyo, hata ungekuwa unakwenda Ulaya. Ungekuja na chupa yake ya chai tu."

Nilikuwa bado nameza hilo, mkanda wa suruali uko kwenye trei, Doto yuko begani, mkono wa kushoto umeishikilia suruali, ndipo mtambo uliposimama. Begi letu la mkononi lilikuwa ndani. Wakaguzi wawili wakainamia kioo.

"Humu kuna nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Dada Mkubwa akajibu kwa sauti ya mtu aliyetumwa na serikali: "Kuna mbuzi!"

Foleni nzima ikageuka.

"Mbuzi?"

"Mbuzi wa bibi. Baba amemkunja miguu ndio akaenea."

Nataka ieleweke kwamba mama yangu, alipokuja Dar mwaka jana, alipikiwa na mkwewe samaki wa nazi kwa siku kumi mfululizo, akaondoka ameapa kwamba hatakufa kabla hajawa na mbuzi yake mwenyewe. Tukamnunulia ya mti mzuri, ya kukunja, yenye ulimi wa chuma na meno makali kuzunguka ncha. Na mimi, mtu wa orodha, niliitia kwenye begi la mkononi ili isivunjike. Ukiitazama kwenye kioo cha mtambo, ubao hauonekani sana. Kinachoonekana ni kile chuma chenye meno, kimelala kati ya pempasi.

Mkaguzi alikuwa mstaarabu. Alisema hata yeye kwao wanayo, lakini yenye makali haiingii na abiria. Nirudi kaunta ikapakiwe kwenye mizigo. Nikarudi mbio, mbuzi kwapani, suruali mkononi. Doto nilikuwa nimemwacha. Nilipofika kaunta ndipo nilipojiuliza nimemwacha kwa nani.

Nilimkuta kwenye mapaja ya mama mmoja mtu mzima ambaye sikuwahi kumwona maishani. Alikuwa amemlegeza nguo, amemfuta kamasi, anamwimbia. Sikumbuki kumkabidhi, alisema alimpokea tu, kama mtu anavyopokea kikapu cha jirani. Kando yake kijana mmoja alikuwa amekikunja kile kigari chetu cha mapacha, kipana kama bajaji, ambacho mimi kilinishinda nyumbani na kitabu cha maelekezo mkononi.

Walitangaza abiria wenye watoto wadogo watangulie. Tulikuwa wa kwanza kuitwa, na wa mwisho kuingia, kwa sababu Dada Mkubwa, aliyekataa choo mara nne, alikitaka mlangoni.

Ndege ilipoanza kupanda, Kulwa alikuwa ananyonya, kimya kabisa. Mtoto akimeza, njia nyembamba iunganishayo sikio na koo hufunguka na mgandamizo wa hewa husawazika. Asipomeza, sikio humuuma. Mke wangu alikuwa na dawa hiyo kifuani. Mimi kifuani nilikuwa na kalamu. Doto akalia kilio ambacho naamini rubani alikiweka kwenye ripoti.

"Uji!" nikaita. Ulikuwa kwenye pochi ya mama, safu nane mbele, na mikanda imefungwa. Mke wangu akampa kichupa jirani yake, jirani akampa wa nyuma yake, kikaja kwa mwanafunzi, kikaja kwa shehe mmoja, kikaja kwa bwana mwenye suti aliyekinusa kwanza. "Hii dawa ya kikohozi si kali kwa mtoto?" akauliza, huku akinifungulia kizibo. Doto akameza mara mbili, akanyamaza. Nikaangalia orodha yangu mfukoni. Hakukuwa na mstari wa shehe, wala wa bwana mwenye suti, wala wa yule mama.

Mwanza tuliona ziwa kwanza, halafu mawe, halafu mama yangu nje ya uwanja akiwa amejifunga kanga aliyopewa na mkwewe. "Shikamoo mama." "Marahaba." Hakuuliza yupi ni yupi. Aliwachukua wote wawili, mmoja kila mkono, akawaita kila mmoja kwa jina lake, na akapatia.

Jioni, mbuzi imekwisha kunjuliwa na mke wangu ameikalia anakuna nazi ya kwanza, mama akawatazama wajukuu, akanitazama mimi, akauliza kwa utulivu: "Na Shija anakuja lini?"

"Shija ndiye nani?" akauliza mke wangu. "Kuna mwingine wa kwenda kumpokea?"

Kwetu, mtoto anayefuata baada ya mapacha huitwa Shija. Niliyatazama yale meno ya mbuzi, nikanyanyuka, nikasema naenda kutafuta uzi mpya wa Kulwa.