Nyama Ni Nyama, Mpaka Ufike China

Kila mwaka, Septemba ikikaribia na vyuo vya China vikijiandaa kufungua muhula, kuna nyumba Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura ambamo begi hupelekwa dukani kupimwa mizani mara tatu. Ndani mna unga wa sembe, dagaa wakavu, bizari ya pilau, na sweta la mjomba aliyewahi kuishi Ulaya. Nje ya begi kuna nasaha. Shangazi anaonya kuhusu nyoka wanaoliwa. Mjomba anaonya kuhusu vijiti vya kulia. Jirani, ambaye elimu yake yote ya China imetoka kwenye filamu za kung fu, anashauri kijana asije akagombana na mzee yeyote mwenye ndevu nyeupe. Nasaha hizi ni njema, lakini zote zinahusu mambo ambayo kijana mwenyewe keshayaogopa, na anachokiogopa mtu hakimwangushi, kwa kuwa hukiendea kwa kunyata. Kinachomwangusha ni kile alichokiingia kifua mbele kwa sababu anakijua tangu utotoni. Nyoka hajawahi kumwaibisha mwanafunzi wa Kiswahili kule China kwa kiasi ambacho neno “nyama” limemwaibisha.

Tulitazame neno lenyewe. Kwetu mtu akisema nyama asiongeze kitu, kila aliyepo anajua ni ng'ombe. Mbuzi hutajwa kwa jina, kuku hutajwa kwa jina, na nguruwe hutajwa kwa sauti ya chini. Kichina nacho kina desturi hiyohiyo ya kumwachia mnyama mmoja neno zima, ila mnyama ni mwingine: rou likisimama peke yake ni nguruwe, na anayehitaji kutajwa ni ng'ombe, niurou. Sasa mchukue kijana wa Tanga au Unguja anayejiandaa kwa mtihani wa Kichina wa HSK. Amekariri kwamba rou ni nyama, na hakukosea. Anaingia kantini ya chuo, anaona baozi, yale maandazi ya mvuke yenye nyama tumboni ambayo kwa macho ya Mswahili ni sambusa iliyonenepa. Anauliza ni za nini, anajibiwa rou. Kwa uangalifu zaidi anafungua programu ya kutafsiri kwenye simu, nayo inamthibitishia: nyama. Tafsiri sahihi, chakula haramu. Kama asingejua neno hata moja la Kichina angetafuta mlango ulioandikwa qingzhen, yaani halali, au duka la tambi za ng'ombe za Lanzhou ambako mpishi mara nyingi huvaa kofia nyeupe ambayo mtu wa Pwani huitambua kwa mbali kuliko herufi yoyote. Ujinga ungemwokoa.

Chai nayo ina yake. Neno hili si letu wala si la Mwingereza: kwa Wachina ni cha, na lilipofika kwetu lilikuwa limeshapita kwa Waajemi na kuokota irabu njiani. Mwanafunzi anaposikia cha anahisi amekutana na ndugu wa damu, na ndugu huyo anamletea glasi ya maji ya moto yenye majani yanayoelea. Hakuna maziwa, tangawizi, wala sukari. Kitafunio ndicho kabisa. Kwa mtu aliyelelewa akijua kwamba chai ni jina la mlo mzima wenye chapati ndani yake, huo si ukarimu, ni maandalizi ya ukarimu. Anakaa akingoja sehemu iliyobaki. Mwenyeji naye, akiona mgeni hanywi, anaongeza maji ya moto.

Hapa msomi wa isimu atanyosha mkono. Atasema kwamba taabu halisi ya Kichina ni toni, na toni ni jambo geni kabisa kwa Mswahili, kwa hiyo ugeni ndio unaoangusha watu. Pingamizi hili lina uzito, nami nililiogopa mpaka nilipolitazama kwa karibu. Kijana anataka mchuzi. Mchuzi ni tang, sauti ikiwa juu na kunyooka. Lakini kijana ana adabu, hataki kuamuru, anauliza, na Mswahili akiuliza hupandisha sauti mwishoni: “Umekula?” “Tang?” Sauti ikipanda, tang si mchuzi tena, ni sukari. Analetewa sukari pembeni ya bakuli la tambi. Siku ya pili anataka sukari kwa ajili ya ile chai, na kwa kuwa jana alichekwa, leo anaomba kwa unyonge huku sauti ikishuka. Tang ya kushuka maana yake ni kwamba kitu kinaunguza, na mhudumu anamjibu kwa huruma kwamba ndiyo, kinaunguza, apulize. Kilichomponza si toni asizozijua. Ni toni anazozijua, zile za adabu na unyonge alizofundishwa nyumbani, ambazo amezipakia kwenye silabi zisizokuwa na nafasi ya abiria. Mtu anayeweza kuongea bila hisia yoyote, kama king'ora, angejifunza Kichina kwa haraka zaidi.

Tarakimu ndizo mbaya kuliko vyote, kwa sababu hakuna mtu duniani anayeshuku tarakimu. Dirishani kwa muuza makoti kumebandikwa 9 kubwa nyekundu, na pembeni yake herufi moja, zhe. Mwanafunzi anajua zhe ni punguzo la bei. Koti ni yuani 300. Punguzo la tisa katika kumi! Hesabu ya kichwani inatoa yuani 30, moyo unakwenda mbio, rafiki zake wanapigiwa simu. Kwa utaratibu wa maduka ya China, hata hivyo, 9 ni kile unacholipa, si kile unachosamehewa: sehemu tisa kati ya kumi, yaani yuani 270. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo rehema inavyokuwa ndogo. Au mkono wa muuza mboga aliyenyosha kidole gumba na cha shahada. Kwetu vidole viwili ni viwili. Kwa Mchina hiyo ni nane, na sita ni kidole gumba na cha mwisho. Mwanafunzi hutoa yuani mbili kwa furaha na kushangaa kwa nini mama wa watu anazidi kumtikisia bastola.

Kisha kuna saa. Mwanafunzi wetu amezoea kugeuza saa za Kiingereza tangu shule ya msingi, kwani mwalimu alimfundisha lugha ile pamoja na mtego wake. Kichina hakikuja na mtego, kilikuja na orodha ya kukariri: yi moja, er mbili, san tatu. Karani wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni akimwambia njoo kesho liang dian (liang ndiyo mbili inapotajwa saa), anasikia mbili, na mbili kwa Mswahili ni saa mbili, na saa mbili ya ofisi ni asubuhi. Karani alimaanisha saa nane mchana. Mwanafunzi anafika akiwa ametangulia kwa saa sita, jambo ambalo kwa sifa tuliyo nayo ya kuchelewa lingestahili kutiwa kwenye kumbukumbu za taifa. Usiku wa siku hiyo mama yake naye, akishatazama taarifa ya habari ya saa mbili, anapiga simu kumjulia hali. China iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano, kwa hiyo simu inalia saa saba za usiku zimepita, na mwana anaamka akidhani kuna msiba.

Baridi yenyewe, ambayo kila mtu humwonya juu yake, inaweka mtego kwa njia ileile. Mwanafunzi aliyepangiwa Harbin, ambako usiku wa Januari hushuka chini ya nyuzi 20 za baridi, hulia kwa ndugu. Aliyepangiwa Wuhan hushukuru Mungu, maana ramani inaonyesha iko kusini, na kusini ni joto. Lakini utaratibu wa kupasha nyumba joto kwa mabomba ya mji ulioanza miaka ya 1950 uliwekewa mpaka kwenye mto Huai na milima ya Qinling. Kaskazini ya mpaka huo ukuta unapashwa, kusini yake unajipasha mwenyewe. Wa Harbin yuko bwenini na fulana. Wa Wuhan amevaa sweta la mjomba ndani ya blanketi, na anaandika kazi ya darasa akiwa na glovu.

Kuna watakaosema kwamba haya yote yanakwisha kwa maandalizi, kwamba chuo kitoe semina ya wiki moja. Semina zipo, na zinafundisha kwa bidii mambo ya kweli: mgeni ajiandikishe polisi ndani ya saa 24 tangu afike, asisimamishe vijiti wima kwenye bakuli la wali maana hiyo ni picha ya ubani wa wafu. Mwanafunzi anaandika yote na kuyazingatia. Lakini semina hujibu maswali, na hakuna mtu anayenyosha mkono kuuliza nyama ni nini. Hata salamu hupita hivyohivyo. Mzee wa Kichina akimkuta koridoni anamuuliza “Chi le ma?”, umekula? Kwa mzee ni kama “habari za asubuhi”, jibu lake ni moja na kila mtu anaendelea na safari. Mswahili anajua vizuri sana umekula maana yake nini. Anajibu bado, anasimama, na anaanza kunawa mikono kwa macho.

Pingamizi zito zaidi ni la mtu atakayesema kwamba napamba machungu kwa kicheko, kwamba si kila kinachompata Mwafrika kule ni kituko cha maneno. Ana haki. Aprili 2020, katika hofu ya Uviko-19, Waafrika mjini Guangzhou walifukuzwa kwenye nyumba walizokuwa wamepanga na kulala nje, wakiwa na kodi mkononi. Hilo halikutokana na mtu kuelewa vibaya tarakimu, na mimi siliweki kwenye kapu hili. Naliacha nje kwa makusudi, kwa kuwa lina jina lake na halihitaji msamiati mpya. Kapu langu ni la makosa ambayo pande zote mbili zinaweza kuyacheka mezani pamoja.

Na pande zote mbili huyafanya, jambo ambalo kwangu ndilo linalofunga kesi. Mwanzoni mwa karne ya 15 twiga kutoka Malindi alivushwa bahari hadi kwa mfalme Yongle, na watu wa kasri wakamwona qilin, mnyama wa neema wa hekaya zao. Hawakuona kitu kigeni, waliona kitu walichokuwa wakikijua siku zote, isipokuwa shingo. Wajukuu wao wanafanya vivyo hivyo Kariakoo. China imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili redioni tangu 1961, na wapo Wachina wanaokisema kwa ufasaha wa kututia haya. Mpeleke mmoja wao dukani, mwenye duka amwambie “Nakuja” huku akimpa mgongo na kuondoka. Mchina anakijua kitenzi kuja, anajua na kiambishi chake, na sarufi yote iko sawa. Ila mtu anayekuja anazidi kuwa mdogo kule mbele, anakata kona ya Msimbazi, na haonekani tena.

Kwa hiyo msomaji mwenye kijana anayeondoka, punguza hadithi za nyoka. Mkalishe sebuleni, umuulize yale ambayo angeona haya kuulizwa: nyama ni nini, mbili ni saa ngapi, chai ina nini ndani yake, tisa ni kubwa au ndogo. Akikucheka, usijali, begi lina nafasi ya hicho kicheko pia. Na akishafika akakupigia simu kwamba amepata chumba ghorofa ya kwanza, usimwonee huruma ya ngazi. Wachina huanza kuhesabu ghorofa kutoka ardhini. Yuko chini kabisa, karibu na mlango.