Kidude cha Kijiti Kimoja

Mbuzi mzee wa Niemba hafi. Anahamia kwenye meno ya wasafiri. Ndiyo maana mama wa malewa iliyo karibu na stesheni ameweka mezani kile kidude cha plastiki kinachogawa vijiti vya meno kimoja kimoja. Na kwa kuwa treni ya Kalemie haina haraka na mtu (reli yenyewe ilifika ziwani mwaka 1915, tangu hapo inapumzika), nilipata muda wa kutosha kukichunguza.

Vijiti vinalala kifudifudi ndani ya kijisanduku. Chini yao kuna rola yenye mfereji mmoja mwembamba, upana wake milimita mbili na kitu, yaani unene wa kijiti. Ukizungusha kitasa, mfereji unapita chini ya rundo, kijiti kimoja kinadondokea humo, ukingo unavizuia vingine, nacho kinatokea upande wa pili bila kuguswa na mkono wa mtu. Usafi mtupu!

Ila aliyekiunda alidhani vijiti vyote duniani ni mapacha. Hivi vya mianzi tunavyouziwa sokoni, kimoja kinono, kingine kimekonda, na masika yakiingia vyote vinavimba. Vyembamba viwili vikiingia pamoja, kimoja kinavunjika na rola inakwama. Au vinapishana juu ya mfereji na kujenga daraja: sanduku limejaa, hakitoki kitu.

Basi kila mteja anafungua kifuniko, anachokoa kwa kidole kilichotoka kwenye bukari sasa hivi, anavipanga upya vyote, anachukua kimoja. Kidude kilichotengenezwa ili nisiguse kijiti chako kimetufanya tuguse vya wote.

Siku hiyo papa mmoja aliyevaa koti alikizaba kibao.

"Papa, hakipigwi hicho, kinazungushwa pole pole," mama akamwambia.

Papa akakizaba tena. Kifuniko kikaruka, na sahani ya sombe ya jirani yake ikageuka nungunungu. Mwenye sombe hakugomba. Alichomoa kijiti, akakifuta kwenye suruali, akaanza kazi.

Mzee wa pembeni alikuwa amemaliza zamani. Alikuwa amejivunjia njiti kwenye ufagio ulioegemea mlango, na wengine wakaanza kuukodolea macho. Mama akatazama kidude, akatazama ufagio uliokwisha kukonda, kisha akauchukua ufagio na kwenda kuuficha jikoni.