Naomba Cheti cha Kupokea Mali za Watu kwa Hiari Yao

Kwa Msajili wa Vyama,
Nairobi.

KUH: OMBI LA KUANDIKISHA JUMUIYA YA WATU WASIO NA KITU (ISIPOKUWA MIMI)

Mheshimiwa,

Nimeambatisha katiba, kumbukumbu za kikao cha kwanza, orodha ya wanachama na sahihi zao, pamoja na nakala za vitambulisho vya viongozi. Mwenyekiti ni mimi, katibu ni mke wangu, mweka hazina ni shemeji yangu. Picha ni za pasipoti na masikio yanaonekana. Nimeisoma Sheria ya Vyama, Sura ya 108, nikitafuta swali litakalonikwamisha. Sijaliona, na nimemshukuru Mungu.

Lengo letu ni kuishi kama waumini wa kwanza wa Yerusalemu. Matendo ya Mitume yanasimulia kwamba waliuza viwanja na nyumba, wakaweka fedha miguuni pa mitume, kisha kila mtu akagawiwa kadiri ya haja yake. Kwetu sisi, miguu ni yangu. Ugawaji tutaujadili mkutano ujao.

Mwanachama mpya hataulizwa habari za shamba siku ya kwanza. Ataanza kwa kuacha televisheni, kwa sababu ni ya dunia. Halafu ataacha simu, ili shangazi zake wasimpotezee muda. Halafu kazi, halafu shule ya watoto. Shamba litakuja lenyewe, maana mtu asiye na kazi wala simu, aliyekwisha kukosana na ukoo mzima, atang'ang'ania shamba alilimie nani? Jumamosi moja atatoa vitu uani: kochi, magodoro, masufuria, baiskeli, cherehani. Madalali watafika kabla chai haijachemka. Mmoja atainama kwenye cherehani, azungushe gurudumu, aulize kama mkanda ni ule ule wa zamani, kisha ataje bei ambayo siku nyingine ingemfukuzisha uani kwa ufagio. Mama mwenye cherehani atatabasamu na kumwambia achukue, anakokwenda yeye hakushonwi. Dalali haamini kwamba dunia inaisha, ila bei anayolipa ni ya dunia inayoisha.

Nakiri kwamba sheria za ardhi zilinitia hofu. Mkenya akitaka kuuza shamba la kilimo, sharti apate kibali cha bodi ya ardhi, na kama ni mali ya ndoa, mwenzake aridhie. Nikajiuliza, serikali inayolilinda shamba namna hii, mimi nitapitia wapi? Kumbe ulinzi unaishia pale shamba linapogeuka noti. Noti zikiingia kwenye bahasha ya kaki, hakuna bodi inayokutana. Hakuna fomu ya kuuliza bahasha imekwenda kwa nani, imewekwa kwenye akaunti yenye jina gani, wala mwenyewe akibadili mawazo mwakani atatoka na nini zaidi ya viatu vyake. Wewe unachotaka kujua ni tarehe ya mkutano mkuu wa mwaka. Nayo tumeipanga.

Wapo wanaotuharibia kazi, naomba uwaangalie. Watawa wa Kikatoliki, kwa mfano. Kwao mtu hapokonywi mali mlangoni. Kabla ya nadhiri za kwanza anamkabidhi amtakaye usimamizi wa mali zake, lakini mali zinabaki zake. Ni pale tu anapokaribia nadhiri za daima, baada ya miaka, ndipo anatakiwa awe ameandika wosia unaotambulika hata mbele ya sheria ya nchi. Miaka, Mheshimiwa! Mimi nikimpa mtu miaka yote hiyo si atapata akili?

Wahutterite, Wakristo wanaomiliki mali kwa pamoja, ndio walionivutia mwanzoni. Mwaka 1528, huko Moravia, walitandika joho chini na kila mmoja akaweka alichokuwa nacho, na hadi leo wajukuu zao wanaishi hivyo katika makoloni ya kilimo ya Kanada na Marekani. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ya Kanada iliwakatalia watu waliofukuzwa katika koloni moja la Manitoba walipodai fungu lao la mali. Hukumu hiyo naitamani kama andiko. Ila wana kasoro moja iliyonivunja moyo. Mhubiri wao naye hana kitu. Analala katika nyumba ya jumuiya na kula mezani pa jumuiya, na akifa hakuna hatimiliki chini ya godoro. Kipengele hicho katika katiba yetu tumekiruka.

Katika Matendo hayo hayo kuna pia habari ya Anania, aliyeuza kiwanja akaficha sehemu ya fedha, ambayo wanachama wasomi hupenda kuniulizia. Petro alimwambia waziwazi kwamba kiwanja kabla ya kuuzwa kilikuwa chake, na hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa uongo, hakuna aliyemlazimisha kutoa. Mstari huo ni wa 4, sura ya 5, na katika Biblia za jumuiya tutaubandikia karatasi. Ule wa 5, anapoanguka na kufa, tutausoma kila wiki.

Najua utaniuliza kuhusu waliotangulia. Pale Kanungu, Uganda, waumini walikuwa wameuza mifugo na mashamba kwa bei ya kutupa kabla ya kanisa kuteketea nao ndani tarehe 17 Machi 2000. Kenya ilisikitika sana, kama jirani mwema. Mwaka 2014 Mwanasheria Mkuu akasimamisha uandikishaji wa makanisa mapya, zikatungwa kanuni, maaskofu na wachungaji wakapiga kelele, na Januari 2016 kanuni zikarudishwa kabatini. Mlitusikiliza, asanteni.

Halafu ikaja Aprili 2023 na msitu wa Shakahola, Kilifi, wenye vijiji vilivyopewa majina ya Bethlehemu na Yudea. Ilifukuliwa miili ya waumini zaidi ya 400. Jamaa waliokuwa wakitafuta watu wao walizoea kuambiwa kwamba mtu mzima amekwenda kwa hiari yake. Hati moja ya mashtaka ina watoto 191. Nao, nadhani, walikwenda kwa hiari. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliandika mwaka 2024 kwamba maafisa wa usalama wa Malindi walipewa taarifa na wakazembea. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, amekana mashtaka ya vifo hivyo, na hilo ni la mahakama kuamua.

Mimi nilichokuwa nikikitafuta ni kosa ambalo dola hailivumilii hata kidogo, ili nilikwepe. Nimelipata. Desemba 2023, kabla kesi ya kaburi hata moja haijaanza kusikizwa, Mackenzie alihukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakuomba usiwe na wasiwasi nasi. Jumuiya yetu haitamiliki kamera.

Wako mtiifu,
Mwombaji