Namna ya Kufuga Mafahali Watatu Zizi Moja

Wahenga walishasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mtu anayeunda bendi ya jazi ya watu watatu anaongeza fahali wa tatu, kisha anawafungia ndani usiku kucha. Inawezekana. Mpiga piano Bill Evans aliweza, jijini New York, na ushahidi upo kwenye rekodi.

Mahitaji

Piano moja, besi moja kubwa ya kusimama, seti moja ya ngoma, na masikio sita. Masikio yakipungua, msianze.

Hatua ya kwanza: mtueni mpiga besi mzigo

Kwa miaka mingi mpiga besi wa jazi alikuwa hamali. Alitembea na mapigo, moja mbili tatu nne, wenzake wakitamba mgongoni mwake. Evans alipoanza kupiga na Scott LaFaro mwaka 1959, alimtua mzigo huo. LaFaro anauliza, anajibu, anadakia, na mara nyingine anapanda juu mpaka ukadhani umesikia gita.

Hatua ya pili: mwenye piano aache kiti wazi

Mara nyingi mkono wa kushoto wa Evans hauigusi kabisa noti ya msingi. Pengo hilo amemwekea mwenzake. Ukikalia viti vyote mwenyewe, mgeni atakaa wapi?

Hatua ya tatu: mpiga ngoma asigeuke saa ya ukutani

Mapigo yakishakaa vichwani mwa wote watatu, hakuna haja ya mmoja kuwahesabia wengine. Ndiyo maana Paul Motian, mpiga ngoma wa Evans, alikuwa huru kupaka rangi kwa matoazi na vifagio vya waya.

Hatua ya nne: pigeni hata watu wakipiga soga

Jumapili, 25 Juni 1961, watatu hawa walipiga awamu tano, mchana hadi usiku, katika Village Vanguard, ukumbi mdogo ulio chini ya ardhi. Glasi zinagongana, watu wanazungumza, mtu anacheka: yote yanasikika kwenye rekodi ya siku hiyo. Wao wanasikilizana tu.

Hatua ya tano: mwenye uwezo ajizuie

Sikiliza wimbo wa "My Foolish Heart", unaofungua albamu ya *Waltz for Debby* iliyotokana na Jumapili hiyo hiyo. Evans anaishusha kila noti kama mama anayemlaza mtoto asije akaamka. LaFaro, ambaye vidole vyake vilijua kukimbia kuliko vya wengi wa rika lake, anatoa noti moja nzito ya chini, anaiacha iungurume mpaka ikaribie kuzimika, ndipo anatoa nyingine. Motian anasugua ngozi ya ngoma taratibu, toazi likitetemeka kwa mbali. Jaribu kumtafuta kiongozi wao hapo, utachoka.

Onyo

Siku kumi na moja baada ya Jumapili ile, 6 Julai, LaFaro alifariki katika ajali ya gari akiwa na miaka 25. Evans alikaa miezi kadhaa bila kupanda jukwaani na bendi yake. Kile kiti alichokuwa akimwachia mwenzake sasa kilikuwa wazi kweli.

Basi leo jioni, wenzako wawili wakifika mazoezini na ala zao, usiwe wa kwanza kupiga. Wasikilize wangali wapo.