Sifa za Mboji Kuukuu

Waridi limesifiwa, yasmini imesifiwa, hata kilua kina watu wake. Mboji kuukuu iliyojikalia kwenye tuta la tofali mwaka hadi mwaka haijapata wa kuisemea. Naomba niitendee haki.

Haina makuu: ulilijaza tuta hadi ukingoni, vijidudu vikaila, sehemu kubwa ikageuka hewa, na leo mchicha unachungulia kutoka shimoni kama mahabusu. Haipendi mali pia, maana naitrojeni yake yote imeiachia mvua. Na haiibiwi.

Lakini sifa yake kuu ni kumbukumbu. Nyanya zikiugua mnyauko mara moja tu, bakteria wale watabaki udongoni wakingoja upande tena. Ukijifanya mjanja ukaleta biringanya, wataitambua kwa ukoo. Pilipili hoho nayo ni binamu, itapata salamu zake. Minyoo fundo huacha wosia wa mayai, na hakuna mrithi anayekosa fungu. Kantangaze, yule nondo aliyeingia Tanzania mwaka 2014 akazifanya nyanya zetu kuwa zake, huteremsha viwavi wake humo wajigeuze, kisha wanapanda juu wakiwa na mabawa. Nikichekecha napata vipande vya mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Juni 2019, na chini yake pakiti za viroba vya pombe vilivyokatazwa Machi 2017. Marufuku zote zimehifadhiwa kwa mpangilio wa tarehe. (Aliyeniuzia aliapa kwamba imechekechwa mara mbili.)

Na ndago! Nimeing'oa, nimechimba vijiazi vyake, nimetandaza nailoni ili jua la Januari liichome, ikatoboa nailoni. Nimemwaga samadi ya kuku, ikashukuru kwa kunenepa. Jamani, nimechoka.

Hata hivyo, utunzaji wa namna hii usipotee bure. Kuna ofisi moja ya ardhi, jina nalihifadhi, ambako faili la kiwanja hikihiki chenye tuta lilikuwa halionekani. Barua ya toleo ninayo, risiti ninazo, ramani ninayo. Karani huingia masjala, hukaa humo muda wa kutosha chai kupoa, hutoka mikono mitupu na kuniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu mtandao uko chini. Mtandao ukipanda, mwenye ufunguo yuko semina. Semina ya nini? Ya utunzaji bora wa kumbukumbu.

Napendekeza, kwa heshima zote, toroli moja la mboji yangu limwagwe katikati ya masjala ile na lipewe cheo. Faili likiingia humo halitapotea, litaota.

La kwangu lilionekana asubuhi moja, pale mzee mmoja kwenye foleni aliponinong'oneza kwamba karani ana kiu. Ndago, pamoja na ubaya wake wote, haijawahi kuniomba ya soda ili ichomoze.