Kumchagulia Mpwa Jeshi

Kuna mambo mawili ambayo binadamu haogopi kumwamulia mwenziwe hata kama hakuulizwa: la kwanza ni mke wa kuoa, na la pili ni kazi ya kufanya, na kama kazi yenyewe ni ya jeshi, basi hata yule ambaye maisha yake yote hakupata kushika silaha kubwa kuliko panga la kukatia mgomba hujiona ana ilimu ya kumtosha jemadari. Hayo niliyasadiki mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipomaliza kidato cha nne akarejea hapa Titye, akatangaza mbele ya watu waliokuwa wakipukuchua mahindi barazani kwamba muradi wake ni kuwa askari. Hakusema askari wa jeshi gani. Lau angalisema, angalituokoa na mashaka mengi.

Titye yetu iko katika nyanda za juu za Buha, upande wa Kasulu, mahali ambapo udongo ni mwekundu, vilima vimefuatana pasipo kuacha tambarare ya maana, na mvua ikishaingia mwezi wa Oktoba aghalabu haioni sababu ya kuondoka kabla ya Mei. Kwenda mbali kutafuta riziki si jambo geni kwetu, maana mababu zetu Waha walikuwa miongoni mwa waliovuna mkonge wa Tanga na Morogoro zama za manamba. Kwa hiyo hakuna aliyemzuia kijana asiende. Ubishi ulikuwa juu ya huko aendako. Nami, kwa kuwa nilisomesha shule ya msingi hadi nikastaafu na hati yangu inasomeka, nilikabidhiwa karatasi na kalamu nikaambiwa niandike barua ya maombi. Lakini kila nilipofika kwenye maneno “naomba kujiunga na”, hodi ilisikika uani na mshauri mwingine akaingia.

Wa kwanza alikuwa mzee jirani yetu, ambaye alikwenda na jeshi letu katika vita vya Kagera, na ambaye tangu aliporudi hajapata kuanza mazungumzo yoyote, hata ya bei ya maharage, pasipo kupitia Mutukula. Kwake yeye jeshi ni la nchi kavu, na mengineyo ni nyongeza. “Toka Mutukula mpaka Kampala,” alisema, “mji tukautwaa Aprili 1979, na wengi wetu tulifika kwa miguu yetu. Askari ni nyayo, Mwalimu. Bunduki ni mzigo tu.” Akaongeza kwamba hata Luteni Alexander Nyirenda, aliyeufikisha Mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa uhuru wa mwaka 1961, hakupelekwa kule na ndege. Shangazi yetu, aliyekuwa na ungo mapajani, akajibu taratibu kwamba hapa Titye tunapanda vilima tangu alfajiri tukiwa na madumu ya maji kichwani, na hajasikia aliyepewa nishani.

Ilipodhihirika kuwa jambo lote lasimama juu ya nyayo, mzee akaagiza beseni la maji, akamwamuru mpwa wangu achovye mguu kisha akanyage saruji kavu ya baraza, akainama akaitazama ile alama kwa makini ya mnunuzi wa mbuzi mnadani. Hukumu yake ilikuwa kwamba mguu ule hauna kijibonde cha kutosha katikati, na kwamba mwenye unyayo bapa huchoka kabla ya vita kuanza. Shemeji yangu, babaye kijana, akaona ukoo wake umetukanwa. Akavua kandambili, akachovya wa kwake ili kuthibitisha kwamba unyayo ule ni wa urithi na umelima ekari nyingi bila malalamiko. Mzee naye akavua kiatu apate kuwaonyesha hadhirina unyayo wa kijeshi ulivyo. Ukatoka bapa kupita yote. Basi ikawa hakuna anayeridhika na mguu wa mwenziwe: mahindi yakaachwa, beseni likazunguka, na baraza zima likajaa nyayo za maji, kubwa na ndogo, zikikauka kabla hazijaamuliwa. Hatimaye akapita mbwa wa nyumbani, aliyekuwa amekanyaga maji yaliyomwagika, na ikakubaliwa kwa kauli moja kwamba ndiye peke yake aliyetimiza masharti. Dada yangu alipotoka kisimani akaliona baraza lake alilolideki asubuhi, alisema maneno yasiyoandikika katika insha ya adabu, na jeshi la nchi kavu likaahirishwa.

Shemeji akaitumia nafasi hiyo kuleta rai yake, nayo ilikuwa ya wanamaji. Alitoa hoja nyingi za heshima, za sare nyeupe na za kuiona dunia, lakini mimi niliyekula naye sinia moja miaka yote hii nilitambua kuwa hoja ya asili ilikuwa mgebuka: aliamini kwamba mwanawe akiwa baharia pale Kigoma, basi samaki watapanda mlima hadi Titye kwa gari la serikali. Nilimweleza, kwa upole unaompasa shemeji, kwamba jeshi letu la wanamaji, lililoanzishwa mwaka 1971, makao yake ni Kigamboni, kwenye Bahari ya Hindi ambako mgebuka hajulikani. Na kwamba hata hapa ziwani petu habari za manowari hazitii moyo sana. Ile meli tunayoiita Liemba, Wajerumani waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha katika makasha 5,000 hivi hadi Kigoma, wakaiunga upya na kuishusha majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Kisha mwaka uliofuata, adui alipokaribia, mafundi wakazipaka mashine zake grisi zisipate kutu, wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe, hata Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924 na kuirudisha safarini mwaka 1927. “Kumbe,” akasema shemeji, ambaye hakuna historia isiyomfaa, “kazi ya majini haipotei hata mtu akizama.”

Likabaki swali dogo la kuogelea. Mpwa wangu, mzaliwa wa vilimani, alikuwa hajapata kuingia katika maji yasiyotoka kwenye ndoo. Akapelekwa kwenye bwawa la perege la jamaa mmoja wa kitongoji cha pili, akavua shati, akapiga ishara ya msalaba, akajitosa. Maji yalimfika kifuani tu, lakini alipigana nayo kwa mikono na miguu hata bwawa lote likawa tope, na sisi tuliokuwa ukingoni tulipompigia kelele asimame, alisimama, akatazama huku na huku, akaona haya. Mwenye bwawa alidai fidia ya perege wake ambao, kwa kauli yake, waliingiwa na fadhaa wakasusa chakula. Ikatubidi tumpe jogoo, na ndivyo tamaa ya mgebuka ilivyotupokonya kitoweo tulichokuwa nacho.

Dada yangu yeye alitaka anga. Kwa akili yake, rubani ni mtu ambaye hakanyagi tope, na asiyekanyaga tope hachafui nguo; na mama ambaye tangu aolewe amekuwa akifua udongo mwekundu wa Titye kwenye kola za shati hana haja ya kueleza zaidi. Nilimtajia Ngerengere, kule mkoa wa Morogoro, kilipo kituo cha ndege za kivita, naye akapapenda papo hapo. Illa kijana huyu ndiye yule aliyetapika ndani ya basi la kwenda Kibondo kabla dereva hajawasha moto, na nilipoikumbusha habari hiyo kwa taadhima, dada akanijibu kwamba angani hakuna mashimo. Sikuwa na la kumpinga, maana sijafika.

Shangazi hakujali kama ni nchi kavu, maji au anga, ilimradi pawe na kantini, kwa sababu alikuwa akijenga, na tangu zamani alisikia kwamba askari hununua bati na saruji bila kodi. Nilipompasha kwamba msamaha ule wa maduka ya majeshi uliondolewa mwaka 2016, na askari wakawekewa posho badala yake, alinitazama kwa ghaidhi kana kwamba mimi ndiye Waziri wa Fedha, akanyamaza kitambo, kisha akauliza posho hiyo hutoka tarehe ngapi. Ama mimi, nikiwa mtu wa insafu nisiyetafuta maslahi, nilipendekeza kikosi cha tiba, hususan Hospitali Kuu ya Jeshi pale Lugalo. Na kama jicho langu la kulia limeanza kufunikwa na mtoto wa jicho, hayo ni mambo mawili yaliyokutana kwa sadfa.

Barua iliyopatikana hatimaye, baada ya kuridhiwa na wote, ilimwombea kijana nafasi katika jeshi la nchi kavu lililo karibu na maji yasiyo na kina, lenye ndege lakini lisilo na safari ndefu, linalolipa posho mapema, lililopakana na hospitali ya macho, na ikiwezekana ndani ya mkoa wa Kigoma. Niliipeleka mwenyewe mjini. Karani aliyeipokea aliisoma yote bila kupepesa, akaikunja, akaniuliza: “Mwalimu, huyu kijana anaomba kazi au anaposa?” Kisha akanielekeza kwenye tangazo ukutani, nami nikalisoma kwa jicho la kushoto. Lilitaka uraia, umri, afya njema, mwenendo mwema, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Mahali pa kuchagua nchi kavu, anga au maji hapakuwapo. Njia ilikuwa moja, ya Jeshi la Kujenga Taifa, na chini kabisa tangazo likaonya kwamba jeshi hilo halitoi ajira, bali mafunzo. Tulikuwa tumekata mbeleko na mwana hajazaliwa. Fauka ya hayo, kilichokaribia kumwangusha kijana wetu hakikuwa unyayo, wala maji, wala kichefuchefu, bali herufi moja ya jina la babaye, iliyokuwamo katika cheti cha kuzaliwa na isiyokuwamo katika cheti cha shule, ambayo ilitubidi kwenda kuiapia mbele ya wakili.

Usiku ule, ili kumtuliza, nilimsimulia mpwa wangu habari za jeshi hilo: kwamba lilianza tarehe 10 Julai 1963, likalitangulia hata Jeshi la Wananchi, ambalo liliundwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya askari wa jeshi tulilorithi kwa Waingereza kuasi mwezi wa Januari mwaka ule, kwamba makusudi yake tangu mwanzo yalikuwa kumtia kijana nidhamu na kumzoeza kazi, na kwamba si kila kijana aliyependezwa nalo, kwani Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia, hasa lile la kukatwa mishahara yao, naye Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao. Nikamalizia kwa kumsifia mashamba ya vikosi, jinsi vijana wanavyolima wakajilisha. Mpwa wangu, aliyekuwa amesikiliza yote kwa adabu, akainua uso.

“Mjomba,” akasema, “kwani huko nako kuna jembe?”

Hapo ndipo nilipotanabahi kwamba katika mashauri yote yale, ya nyayo na mgebuka na kola na bati, hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mwenyewe anataka nini. Na alichokitaka kilikuwa jambo jepesi mno, yaani jeshi lolote lisilokuwa na jembe. Nilitafakari namna ya kumjibu, nikaona usiku umekwenda, nikamshauri alale.

Alichaguliwa. Tukamfungia sanduku, mama yake akalia kilio cha kumwaga mtu anayevuka bahari, naye akapangiwa Mtabila, hapo hapo Kasulu, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwaka 2012, ambako mvua ni ile ile na udongo ni ule ule. Salamu za kwanza alizotuletea mpita njia zilikuwa za mchakamchaka, kwata na ukali wa maafande. Za pili zilikuwa za shamba la mahindi, na zilifuatana na ombi kwamba, kama lipo, tumtunzie lile jembe lake la mpini mfupi, maana ameona tofauti.

Ajabu ni kwamba washauri wote wamejihesabia ushindi. Mzee wa Mutukula asema kijana anakimbia kilomita nyingi kila alfajiri, kwa hiyo ni nchi kavu. Shemeji amesikia kwamba vikosi vya Kujenga Taifa hufuga samaki, akaona uwanamaji si lazima uanzie baharini. Dada yangu amefurahi kupita wote, kwa kuwa mwanawe sasa hufua mwenyewe. Shangazi bado anaulizia tarehe.

Nami nimenunua karatasi nyingine, kwani juzi kijana wa jirani amesema anataka kuingia katika moja ya majeshi ya nchi, lolote liwalo, na baraza limekwisha kukaa bila yeye. Wengi wameelemea upande wa Zimamoto. Bomba la kijiji halijatoa maji tangu kiangazi kiingie, na mama mmoja, mwenye busara kupita sisi sote, ametaka kabla ya kura kupigwa aelezwe bayana lile gari jekundu hubeba ndoo ngapi.